Kutoka Weybridge hadi Kigwena: Historia ya Lishe ya Ng'ombe na Maadili Yake katika Mwambao wa Rumonge, Burundi

Utangulizi

Tarehe 4 Oktoba 2018 Burundi ilitunga sheria inayowataka wafugaji kuwaweka mifugo yao zizini wakati wote na inayopiga marufuku mifugo kuzurura. Wafugaji walipewa miaka mitatu ya kujiandaa, na utekelezaji ukaanza Oktoba 2021. Mjadala kuhusu sheria hiyo umehusu zaidi ardhi, faini na gharama za kujenga mabanda. Swali jingine halijapewa uzito kama huo: ng'ombe aliyezoea kujitafutia chakula atalishwa nini sasa, na ni nani atakayejua kilichomo katika chakula hicho?

Swali hilo liliwahi kuulizwa kwa kuchelewa katika nchi tajiri yenye maabara, madaktari wa mifugo na sheria nyingi. Jibu lake liliigharimu Uingereza mamilioni ya ng'ombe na maisha ya watu. Makala hii inaisoma historia ya kichaa cha ng'ombe kutokea Kigwena, katika mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, mahali ambapo ugonjwa huo haujawahi kuripotiwa. Hoja inayotetewa ni kwamba kosa la Uingereza halikuishia katika kumlisha nyama mnyama anayekula majani. Kosa zito zaidi lilikuwa kumwondolea mfugaji uwezo wa kujua anachomlisha mnyama wake, kisha kumwachia yeye na mlaji hasara yote. Likielezwa hivyo, kosa hilo linaweza kurudiwa mahali popote penye zizi, gunia na muuzaji, hata pasipo na kiwanda kikubwa.

Mwambao na ng'ombe wake

Kigwena iko kusini mwa mji wa Rumonge, kando ya barabara itokayo Bujumbura kwenda Nyanza-Lac. Upande wa magharibi ni ziwa. Upande wa mashariki milima inapanda kwa ghafla kuelekea Bururi na nyanda za juu za Bututsi. Katika ukanda mwembamba uliobaki kati ya maji na mlima kuna michikichi, mihogo, migomba na msitu wa hifadhi wa Kigwena, ambao ni mabaki ya misitu ya nyanda za chini iliyowahi kuenea zaidi kando ya ziwa. Kiswahili kimezungumzwa hapa sambamba na Kirundi tangu enzi za misafara na majahazi yaliyoiunganisha Ujiji na pwani zote za ziwa katika karne ya 19. Umaarufu wa Rumonge umetokana na mawese na samaki. Ng'ombe hawakuwa sifa yake.

Sababu ya jambo hilo ni ya kihistoria na ya kibiolojia kwa pamoja. Joto la bonde la Imbo liliwafaa kupe wanaoeneza ndigana, na vichaka vya kando ya maji viliwafaa mbung'o. Mwanzoni mwa karne ya 20 utawala wa Kijerumani uliwahamisha watu kutoka sehemu za mwambao huo kwa sababu ya malale. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1890, sotoka ilikuwa imekwisha kuangamiza makundi ya ng'ombe katika eneo zima la Maziwa Makuu. Kwa hiyo ng'ombe wengi walioonekana karibu na ziwa walikuwa wageni wa msimu. Nyasi za Bututsi zilipokauka wakati wa kiangazi, wachungaji waliteremka Imbo na mifugo yao, na mvua ziliporudi wakapanda tena.

Mwendo huo ulikuwa elimu. Mchungaji alijua kila aina ya nyasi na chanzo cha kila maji, na alijua mahali penye kupe wengi kiasi kwamba ni afadhali ng'ombe alale na njaa. Mnyama alipougua, orodha ya vitu alivyokula ilikuwa fupi na ilikuwa kichwani mwa mtu aliyemchunga. Ng'ombe pia alikuwa kiungo cha watu. Kupitia ubugabire, mwenye ng'ombe alimkabidhi mwenzake mnyama wa kumtunza, na maziwa, samadi, ndama na utii vikazunguka kati yao. Salamu ya zamani ya Kirundi, Amasho, ilikuwa ni kumtakia mtu makundi ya ng'ombe.

Si lazima kuyapamba maisha hayo. Ubugabire ulibeba ukubwa na udogo wa watu, na wengi waliotunza ng'ombe hawakuwahi kuwa na wao wenyewe. Ng'ombe waliingia katika mashamba ya watu, na ugomvi wa mazao yaliyoliwa ni wa kale kuliko sheria ya 2018. Hata hivyo, jambo moja katika mfumo huo linahusu makala hii moja kwa moja: aliyemlisha ng'ombe alikiona chakula kikiwa bado kimesimama ardhini.

Unga wa Weybridge

Novemba 1986, wataalamu wa Maabara Kuu ya Mifugo huko Weybridge, Uingereza, waliutambua ugonjwa mpya wa ubongo wa ng'ombe. Mnyama aliyeugua alikuwa mwoga na mkali, akatetemeka, akashindwa kusimama, kisha akafa. Chini ya hadubini ubongo wake ulionekana kuwa na vitundu kama sifongo. Mtaalamu wa epidemiolojia John Wilesmith alipokusanya taarifa za mashamba yaliyoathirika alikuta kwamba karibu kila kitu kilitofautiana, isipokuwa kimoja. Ng'ombe hao walikuwa wamekula chakula cha kiwandani chenye unga wa nyama na mifupa.

Unga huo haukuwa siri, wala haukuwa mpya. Viwanda vilikusanya mabaki ya machinjio, yaani mifupa, matumbo, vichwa na mizoga, vikayapika, vikakamua mafuta na kusaga kilichobaki. Ulikuwa chanzo cha bei nafuu cha protini, hasa kwa ndama wa ng'ombe wa maziwa na kwa majike yaliyotakiwa kutoa maziwa mengi kuliko nyasi zilivyoweza kuzalisha. Kwa mwenye kiwanda, jambo hilo lilikuwa na sura ya busara: taka imekuwa mali, na hakuna kilichotupwa. Tatizo ni kwamba kisababishi cha ugonjwa hakikuwa bakteria wala kirusi. Kilikuwa protini iliyojikunja vibaya, ambayo Stanley Prusiner aliipa jina la prioni na ambayo utafiti wake ulimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1997. Prioni huvumilia joto linaloua vimelea vya kawaida. Ubongo wa ng'ombe mgonjwa uliingia kiwandani, ukatoka ukiwa unga, ukaliwa na ng'ombe wengine, nao wakarudi kiwandani. Mzunguko huo ulikwenda kwa miaka kabla ya dalili kuonekana, kwa kuwa ugonjwa hujificha katika mwili wa ng'ombe kwa wastani wa miaka minne hadi mitano.

Julai 1988 serikali ilipiga marufuku kuwalisha wanyama wanaocheua protini iliyotokana na wanyama wa kundi hilo. Hapo ndipo linapoanza funzo ambalo washauri wa sera wa Afrika Mashariki wanapaswa kulisoma kwa makini kuliko mengine yote. Ng'ombe zaidi ya 40,000 waliozaliwa baada ya marufuku hayo waliugua. Unga uleule uliendelea kuruhusiwa katika chakula cha nguruwe na kuku, na vyakula hivyo vilisagwa katika vinu vilevile, vikapita katika mabomba yaleyale na kubebwa katika malori yaleyale. Kiasi kidogo sana cha tishu yenye maambukizi kinatosha kumwambukiza ndama, kwa hiyo hata mabaki yaliyoganda kwenye mashine yalikuwa hatari. Sheria ilitofautisha wanyama, kinu hakikutofautisha. Mwaka 1996 ndipo unga wa mamalia ulipoondolewa katika chakula cha mifugo yote ya shambani.

Wakati huohuo wananchi waliendelea kuambiwa kuwa nyama ni salama. Mei 1990 waziri wa kilimo, John Gummer, alijitokeza mbele ya kamera akila baga na kumpa binti yake mdogo naye ale. Mwaka 1992 pekee zaidi ya ng'ombe 35,000 walithibitishwa kuugua. Tarehe 20 Machi 1996 waziri wa afya, Stephen Dorrell, aliliambia Bunge kwamba watu 10 wamepatwa na aina mpya ya ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob, na kwamba maelezo yanayoelekea zaidi kuwa kweli ni kuwa waliupata kutokana na ng'ombe. Siku chache baadaye Umoja wa Ulaya ulizuia nyama ya ng'ombe ya Uingereza kuuzwa nje. Hadi leo zaidi ya ng'ombe 180,000 wamethibitishwa kuugua nchini humo, mamilioni wengine walichinjwa kwa tahadhari, na watu 178 wamekufa kwa ugonjwa huo wa binadamu. Wengi wao walikuwa vijana.

Tume iliyoongozwa na Lord Phillips ilitoa ripoti yake Oktoba 2000 katika majuzuu 16. Iliona kwamba janga lilienea kwa sababu ya kurudisha mabaki ya ng'ombe katika chakula cha ng'ombe, na ikaikosoa tabia ya serikali ya kutaka kuwatuliza wananchi. Umoja wa Ulaya ulipanua marufuku kuanzia Januari 2001. Mwaka 2021 ulilegeza baadhi ya masharti, ukaruhusu protini ya nguruwe kwa kuku na ya kuku kwa nguruwe, lakini ukayaacha makatazo yanayowahusu wanyama wanaocheua.

Kuna sehemu ya historia hii ambayo hutajwa kwa haraka mno. Baada ya kuukataza unga huo kwa ng'ombe wake mwaka 1988, Uingereza iliendelea kwa miaka kadhaa kuuuza nje ya nchi. Kilichokuwa hatari nyumbani kilibaki bidhaa halali ugenini. Hakuna haja ya kudai kwamba gunia lolote lilifika katika mwambao wa Rumonge ili kuuona uzito wa jambo hilo. Kwa mnunuzi wa mbali, lebo ya gunia ilikuwa ndiyo habari pekee aliyokuwa nayo, na lebo haikusema.

Dagaa wa Oman na swali la maumbile

Katika ulimwengu wa wazungumzaji wa Kiswahili, kisa cha karibu zaidi kilichoandikwa katika kumbukumbu za kimataifa ni cha Oman. Mwaka 1989 ng'ombe wawili walioagizwa kutoka Uingereza walithibitishwa huko kuwa na ugonjwa huo. Waliupata walikotoka, na ndiyo maana nchi hiyo haihesabiwi miongoni mwa zilizopata ugonjwa kutoka ndani. Kisa chenyewe ni kidogo, lakini kinafungua mlango wa hoja kubwa, kwa kuwa kusini mwa nchi hiyohiyo kuna desturi inayovuruga maelezo mepesi kuhusu maadili ya lishe.

Maelezo hayo mepesi yanajulikana: ng'ombe ameumbwa kula majani, Waingereza wakamlisha nyama, maumbile yakawaadhibu. Yanavutia, na yana ukweli ndani yake. Lakini huko Dhofar mifugo imelishwa dagaa waliokaushwa kwa karne nyingi. Ibn Battuta, aliyefika huko katika nusu ya kwanza ya karne ya 14, alishangaa kuona wanyama wa mji huo wakilishwa samaki hao, na akaliandika kama jambo la ajabu. Desturi hiyo ilidumu hadi nyakati za karibuni, hasa katika miezi ya ukame kabla ya mvua za kusi, na ng'ombe wa Dhofar hawakupatwa na janga la aina ya Weybridge.

Tofauti iko wapi? Sehemu ya jibu ni ya kibiolojia. Samaki yuko mbali sana na ng'ombe katika ukoo wa viumbe, na mabaki ya ng'ombe hayakurudishwa kwa ng'ombe. Sehemu nyingine inahusu maarifa. Mfugaji wa Dhofar alimtambua dagaa kwa sura na kwa harufu, alijua alivuliwa ufuko gani na alianikwa siku ngapi, na dagaa alipooza alijulikana kabla hajafika mdomoni mwa mnyama. Mfugaji wa Uingereza alipokea unga wa kahawia. Wengi, kwa ushahidi wao wenyewe baada ya 1986, hawakujua kwamba ng'ombe wao walikuwa wakila ng'ombe. Hoja ya maumbile pekee ingewahukumu watu wa Dhofar na kuwaachilia wenye viwanda wanaouza nafaka yenye ukungu, eti kwa kuwa nafaka ni mmea. Kipimo hicho hakitoshi.

Afrika Mashariki nayo iliwahi kuuonja mfumo wa kumtazama ng'ombe kama malighafi ya kiwanda. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ya Kenya iliwalazimisha Wakamba wa Machakos kupunguza mifugo yao, kwa hoja ya kuiokoa ardhi na mmomonyoko, wakati ambapo kiwanda cha kampuni ya Liebig huko Athi River kilihitaji ng'ombe wa bei ya chini wa kugeuzwa kuwa rojo la nyama na mbolea. Muindi Mbingu aliwaongoza maelfu ya watu hadi Nairobi kupinga. Alihamishiwa Lamu, lakini uuzaji wa lazima ulikoma. Wakamba hao walielewa mapema kwamba hoja njema ya kuhifadhi ardhi inaweza kusafiri pamoja na hesabu ya mtu mwingine. Tahadhari hiyo inafaa kukumbukwa kila sera ya mifugo inapokuja ikiwa imevaa vazi la mazingira.

Zizi, ardhi na gunia

Sheria ya Burundi ya 2018 haina sura ya Machakos. Sababu zake ni za kweli: nchi ina watu wengi kwa kila kilomita ya mraba, milima inamomonyoka, samadi inahitajika shambani, na ng'ombe anayezurura hula jasho la jirani. Tena sheria ilikuja baada ya hatua nyingine. Vita vilivyoanza mwaka 1993 viliteketeza sehemu kubwa ya mifugo ya nchi. Miradi ya kuirejesha ilitumia utaratibu wa mshikamano, ambapo kaya iliyopewa ng'ombe hutoa ndama kwa kaya nyingine. Kabla ya kupewa, kaya ilitakiwa kuwa na banda na majani yaliyopandwa. Mtu anaweza kuuona hapo ubugabire uliogeuzwa: ng'ombe bado anaunganisha watu, lakini anayepokea hadaiwi utii. Hilo ni jambo jema, na halisifiwi vya kutosha.

Ugumu uko katika hesabu ya chakula. Ng'ombe wa kienyeji mwenye pembe ndefu huishi kwa nyasi na kutoa maziwa machache. Chotara wa Friesian anayefungwa zizini anatarajiwa kutoa lita nyingi, na kwa hilo anahitaji lishe yenye protini ya asilimia 14 hadi 16. Majani ya tembo yaliyokomaa huwa na protini chini ya asilimia 8. Majani ya Guatemala na matawi ya kaliandra husaidia, lakini yanahitaji mahali pa kupandwa. Rumonge ni mahali ambapo ardhi ina kumbukumbu nzito. Machafuko ya 1972 yalianza katika mwambao huu, watu wengi walikimbia na wengi waliuawa, na mashamba ya michikichi yaliyoachwa yakapewa wengine. Waliorudi baada ya Makubaliano ya Arusha ya mwaka 2000 walikuta miti yao ikichumwa na familia nyingine, na kesi zake zimechukua miaka. Mtu asiye na uhakika wa kiwanja chake hapandi majani ya miaka mitano. Msitu wa Kigwena ni hifadhi, kwa hiyo hauwezi kuwa malisho. Mfugaji wa aina hiyo anabaki na njia moja ya kumshibisha mnyama aliyefungwa, nayo ni kununua.

Anachoweza kununua kinaelezea uchumi wa mwambao wenyewe. Kuna mashudu ya mise, yaani masalia ya kokwa za chikichi baada ya kukamuliwa mafuta ya kutengenezea sabuni. Protini yake ni kati ya asilimia 14 na 20, na kwa Rumonge hiki ndicho chakula cha ziada chenye asili inayojulikana kuliko vyote, kwa sababu mchikichi unaonekana kutoka zizini. Kuna mashudu ya pamba, pumba za mpunga na mahindi, na machicha ya bia kutoka Bujumbura. Na kuna dagaa, wanaoitwa ndagala nchini Burundi.

Mambo mawili kati ya hayo yanastahili kutazamwa kwa ukaribu. La kwanza ni ukungu. Mahindi yaliyovunwa yakiwa na unyevu, au mashudu yaliyorundikwa katika joto la Imbo, hupata kuvu wanaotoa sumukuvu. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125. Desturi ya kaya nyingi katika ukanda huu ni kwamba mahindi yakioza kiasi cha kutolika na watu, hupewa mifugo. Ni desturi ya watu wasiotaka kupoteza, kama walivyokuwa wenye viwanda wa Uingereza. Lakini ng'ombe anayekula sumukuvu huitoa sehemu yake katika maziwa, na mnywaji mkubwa wa maziwa ni mtoto. Chakula kilichokataliwa mezani kinarudi mezani katika kikombe. Kwa mwambao wa Rumonge hatari hii iko karibu zaidi kuliko prioni, na sera ikitaka kuanza mahali, ingeanzia hapa: kukausha na kuhifadhi, na kipimo cha bei nafuu mahali maziwa yanapokusanywa.

La pili ni kinu cha pamoja. Katika miji ya Afrika Mashariki mchanganyaji wa vyakula vya mifugo mara nyingi ni mfanyabiashara mdogo mwenye mashine moja na sakafu moja. Asubuhi huchanganya chakula cha kuku chenye dagaa, damu iliyokaushwa na unga wa mifupa ya machinjio. Mchana, kwa koleo lilelile, huchanganya cha ng'ombe. Hakuna anayemdanganya mtu. Hivyo ndivyo lilivyoundwa pengo lililoambukiza ng'ombe 40,000 baada ya marufuku ya 1988. Mahali pasipo na ugonjwa, sakafu hiyo haitaleta ugonjwa. Lakini siku kisa kimoja kitakapoingia, kwa mnyama aliyeagizwa au kwa gunia lililovuka mipaka mitatu, sakafu hiyo ndiyo itakayoamua kama kitabaki kimoja.

Inafaa kukumbuka pia kwamba kutoripotiwa kwa kichaa cha ng'ombe Burundi si sawa na kuthibitishwa kuwa hakipo. Homa ya Bonde la Ufa ilipozuka nchini mwaka 2022 ilijitangaza yenyewe, majike yakaharibu mimba na ng'ombe wakafa kwa siku chache, na serikali ikachukua hatua za kuzuia usafirishaji na uchinjaji. Prioni haijitangazi hivyo. Ng'ombe anayeyumba akiwa na miaka mitano huchinjwa kabla hajaanguka, na ubongo wake haufiki maabara. Maelezo yanayoelekea zaidi kuwa kweli ni kwamba ugonjwa haupo, kwa kuwa ng'ombe wa kienyeji hawakuwahi kulishwa mabaki ya ng'ombe kwa mfumo wa viwanda. Kinga hiyo ilitokana na aina ya ufugaji, na aina hiyo ndiyo inayobadilishwa.

Nani anawajibika

Sheria ya zizi imemweka mfugaji mahali panapoonekana. Ng'ombe wake akizurura, yeye hulipa. Kuhusu chakula, wajibu umetawanyika kwa msagaji, msafirishaji, mwenye machinjio, wakala wa forodha na ofisi ya viwango. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na jumuiya hiyo ina viwango vya vyakula vya mifugo. Kiwango hupima unyevu, protini na sumu. Mfugaji wa Kigwena anahitaji jambo moja la ziada, nalo ni jina la kila kilichomo, likiwa limeandikwa katika Kirundi au Kiswahili, pamoja na mahali kilipotoka. Waingereza walikuwa na viwango. Lebo zao zilitaja asilimia ya protini kwa usahihi na kunyamaza kuhusu asili yake, na kwa muda mrefu hilo halikuwa kosa kisheria.

Kuna wanaosema kwamba kudai hayo kwa wachanganyaji wadogo ni kuwafunga biashara, na kwamba nchi maskini haiwezi kubeba anasa ya vinu viwili. Hoja hiyo ina nguvu, na haijibiwi kwa kunukuu kanuni za Ulaya. Lakini si lazima kila mchanganyaji awe na vinu viwili. Mji wa ukubwa wa Rumonge unaweza kuwa na kinu kimoja kisichopokea kabisa damu, mifupa wala dagaa, kikahudumia ng'ombe na mbuzi kwa mise, pumba na mashudu ya pamba, na kingine kikabaki cha kuku na nguruwe. Kinachohitajika ni uamuzi wa wilaya na ushirika, na mkaguzi anayefika. Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ng'ombe mmoja chotara ambaye kaya imeahidi kutoa ndama wake kwa kaya nyingine.

Linabaki suala la dagaa, na hapa maadili ya lishe yanatoka zizini na kuingia ziwani. Dagaa mkavu ana protini zaidi ya asilimia 50, na ni kitoweo cha watu wa milimani wasioweza kununua nyama. Katika Ziwa Victoria sehemu kubwa ya dagaa sasa huishia katika chakula cha mifugo. Ziwa Tanganyika halijafika huko, lakini shinikizo lipo. Uvuvi umepungua kiasi kwamba nchi nne za ziwa, kupitia Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao Bujumbura, zimekubaliana kuhusu kulifunga ziwa kwa miezi mitatu, na Tanzania ililifunga kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024. Miezi hiyo huangukia kiangazi, nyasi zinapokuwa haba na mfugaji wa zizini anapohitaji protini kuliko wakati mwingine wowote. Bei ya ndagala inapopanda Rumonge, ng'ombe na mtoto wa Bururi wanajikuta wakishindania fungu lilelile mnadani. Dhofar mashindano hayo hayakuwa makali, kwa sababu bahari ilileta dagaa kuliko watu walivyoweza kula. Mwambao wa Rumonge hauna wingi huo, na sheria ya 2018 haisemi nani kati ya wawili hao atangulie.